Nyuzi Thelathini Juu ya Paa

Vijana, kabla sijawaambia nilifanya kazi gani Dubai, niwaambie kosa langu la kwanza, maana nimeona mkicheka ndipo masikio yenu hufunguka. Asubuhi moja ya Novemba niliwafanya wageni zaidi ya arobaini washuke kunywa chai wamevaa sweta. Sweta za sufu, shingo zimezungushiwa mitandio. Nje kulikuwa na ukungu mzito, na mimi ni mtu wa Kinangop, kwetu ukungu ukishuka hata ng'ombe anatamani koti. Kwa hiyo jioni iliyotangulia nilikuwa nimewaandikia: "Kesho asubuhi ukungu. Tafadhali vaeni nguo nzito."

Wakatoka kwenda kupanda basi la matembezi. Sasa, ukungu wa Dubai wa mwanzo wa Novemba ni wa moto. Ni mvuke wa sufuria ya githeri iliyofunuliwa ghafla usoni. Dakika tano hazikupita, wakaanza kurudi mmoja mmoja, wamelowa, wamekuwa wekundu, miwani haionyeshi kitu, mama mmoja amebeba sweta mbili na mumewe nyuma yake anapapasa ukuta akitafuta mlango. Wote walikuwa na swali moja tu, kadi iliandikwa na nani.

Kadi niliiandika mimi. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Hoteli yetu ilikuwa Al Rigga, ghorofa saba, vyumba mia moja na vichache. Nilianza kwa kubeba mizigo, mgongo ukakataa, wakanihamishia upande wa vyumba. Kila jioni wahudumu walipotandua vitanda kumwandalia mgeni alale, waliweka juu ya mto kipande cha chokoleti na kadi ndogo yenye hali ya hewa ya kesho: joto, unyevu, upepo, bahari ikoje, jangwani kukoje, na mpaka milimani kwa wale wanaopenda kupanda mawe wakiwa likizoni. Najua mnachotaka kusema. Mtasema miaka hiyo simu zilikuwepo. Zilikuwepo sana! Lakini mgeni mwenye simu ya bei ya ng'ombe wawili alikuwa anaiamini kadi yangu kuliko simu yake, kwa sababu kadi ameikuta juu ya mto. Kitu kikishawekwa juu ya mto, binadamu hakibishii.

Siku ile ya sweta nilijificha chumba cha kufulia. Humo alikuwemo Mzee Salum, mkuu wa dobi, Mzanzibari ambaye familia yake ilihamia huko zamani, na Kiswahili chake kilibaki kilekile cha Unguja, kimepigwa pasi. Alikuwa ananyoosha shuka. Hakuacha hata kunyoosha.

"Bwana Njuguna," akasema, "nimesikia umewavika watu wa watu masweta."

"Kwetu ukungu ni baridi, Mzee."

"Kwenu ni kwenu. Hapa ukungu hwenda ukaja na joto lake mfukoni. Hebu niambie, jana jioni ulipanda juu ukaishika hewa?"

Nikamwambia nilisoma utabiri wa serikali, nikanakili namba. Akaguna. Akanitupia taulo la mkono, yale madogo ya kufutia uso. "Shika hili. Lichovye, likamue, likae juu ya paa kwenye chuma cha kizuizi alfajiri na jioni. Utizame linakauka baada ya muda gani. Namba zitakwambia joto. Taulo litakwambia mtu atajihisi vipi."

Hiyo ndiyo shule niliyosoma, na ada yake ilikuwa aibu. Nikajifunza kwamba asubuhi upepo hutoka upande wa jangwani, mkavu, na taulo hukauka hata chai yako haijapoa. Alasiri upepo hugeuka, unatoka baharini umebeba maji, taulo linakaa pale linakutazama tu. Ukiona taulo bado bichi saa kumi jioni, upepo umezimia na mbingu haina hata wingu, basi jiandae, kesho alfajiri ukungu utakuja kukugongea. Utabiri wa serikali ulinipa joto la kesho, na kwa kweli haukunidanganya. Taulo lilinipa yale madogo ambayo mtu anayatia kwenye begi lake.

Lakini mkiwa wanafunzi wa taulo, msifanye nililofanya wiki ya pili ya masomo. Nje ya mlango wa paa palikuwa na kipimajoto cha kioo, kimetundikwa kwenye msumari. Siku moja kizuizi kilikuwa kimepakwa rangi, bado mbichi, nikaona huu msumari si upo? Nikaning'iniza taulo langu bichi juu ya kipimajoto. Baada ya robo saa nikasoma: nyuzi ishirini na mbili! Nikateremka ngazi nikiimba. Nikaandika kadi zote, "Majira ya ubaridi yamewasili rasmi." Nje jua lilikuwa linakaanga paka.

Mzee Salum alicheka mpaka akakaa juu ya kapu la mashuka. "Kitambaa kibichi na upepo mkavu," akaniambia akijifuta machozi, "hukidanganya kipimajoto kama vile mtungi unavyopooza maji. Usikiweke karibu nacho maisha yako yote. Umenisikia?"

Nilisikia. Kumbukeni kisa hicho cha taulo, nitakirudia.

Baada ya mwaka nilikuwa nimenogewa. Nikaona taulo moja juu ya paa moja halitoshi, mji ni mkubwa na hewa yake haifanani. Nikatafuta watu. Muhaisnah, kule kwenye mabweni ya wafanyakazi, nilimpata Wekesa, kijana wa Bungoma, mlinzi wa geti. Mlinzi wa geti anaijua alfajiri kuliko muadhini. Ukungu ukitoka jangwani humfikia yeye kwanza, na alikuwa anautambua kwa mabasi ya kampuni: "Mzee, naona basi la tatu lakini la nne hapana." Basi, naandika kwenye daftari langu la hewa. Al Baraha nilimpata Prossy, msichana wa Masaka, Uganda, aliyekuwa mhudumu wa mgahawa wetu. Alipanga kitanda kwenye nyumba ya wanawake peke yao, na kibaraza chao kilikuwa na kamba ya nguo kutoka ukuta hadi ukuta. Ripoti yake ilikuwa ya nguo: "Mzee, leo jinzi zimekauka," au "Mzee, hata soksi zimekataa."

Niliwaweka wote wawili kwenye kundi moja la simu ili nisisumbuke kusoma mara mbili. Kundi la hali ya hewa, watu watatu. Wiki mbili za kwanza ilikuwa mabasi na soksi. Wiki ya tatu Wekesa akauliza hizo soksi ni za rangi gani. Wiki ya nne nikaona ujumbe wa ukungu umeandikwa saa nane mchana, jua la utosi, na unasema "nikikukumbuka sioni mbele." Nikawaambia hili ni kundi la kazi! Wakafungua kundi lao bila mimi, na ripoti zangu zikaanza kufika zimechelewa na zimejaa furaha.

Kwa hiyo walipotaka kuoana niliona ni uzao wa taulo langu.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Kwa Waganda ndoa haiendi bila kwanjula, ile siku ukoo wa mume unakuja kwa ukoo wa mke kujitambulisha, na anayeongoza upande wa binti ni ssenga, yaani shangazi yake, dada wa baba. Ssenga wa Prossy alikuwa papo hapo, anafanya kazi za nyumbani kwenye jumba moja Sharjah. Baba yake Prossy, kule Masaka, akasema kwenye simu: ssenga akimpokea kijana mbele ya watu, akanipigia akaniambia amempokea, mimi nimempokea. Asipompokea yeye, binti yangu bado yuko kwangu. Na madam wa ssenga alikuwa anahamia nchi nyingine pamoja na watoto na ssenga mwenyewe, wanaondoka Jumamosi moja katikati ya Novemba. Likizo aliyompa ilikuwa Ijumaa, siku moja kabla. Hakukuwa na Ijumaa nyingine.

Mahali? Hapo ndipo pagumu. Bweni la Wekesa mwanamke haingii. Nyumba ya Prossy mwanamume hapiti hata mlangoni. Jumba la Sharjah lisizungumzwe. Mji mzima wenye maghorofa yasiyohesabika, na hapakuwa na chumba ambacho koo mbili zingekaa zikatazamana. Nikasema nitawaombea paa la hoteli, lenye mgahawa wa majira ya ubaridi. Na ilikuwa Septemba, mdomo wangu ukanitangulia. "Katikati ya Novemba joto litakuwa limekwisha zamani," nikawaambia. "Wekeni jina langu."

Wakaliweka.

Oktoba ikaisha, joto likabaki. Novemba ikaingia, joto likaikaribisha kiti. Mwaka ule lile joto liligoma kuondoka, likawa kama mgeni aliyeaga mara tatu na bado yuko sebuleni anaomba maji. Kila siku thelathini na sita, thelathini na saba. Wazungu waliokuja kukimbia baridi yao walikuwa wanakimbia ndani kwenye AC. Na mimi kila nikipita mgahawani Prossy ananitazama, ameshika sinia tu.

Meneja wetu tulimwita Sir, Mlebanoni mfupi, mkali, aliyevaa tai hata Ijumaa. Paa alikuwa amelitoa bure asubuhi ile mpaka kabla ya swala, lakini alikuwa na sheria yake. Mwaka uliotangulia mgeni alizimia juu pale akisubiri kahawa, na tangu hapo kadi ikisema kesho inapita nyuzi thelathini na tano, mlango wa paa haufunguliwi siku nzima. Kadi! Mnaona nilivyokamatwa? Sheria ilikuwa yake, kalamu ilikuwa yangu.

Alhamisi mchana utabiri ukaja: Ijumaa, thelathini na saba. Nikakaa na kadi tupu mbele yangu. Prossy akaja.

"Mzee, andika thelathini na nne."

"Prossy."

"Ni namba tu, banange! Nani atakufa na namba? Ssenga anaondoka Jumamosi. Sasa mimi nitangoja nini, mpaka arudi na mvi?"

Akaanza kulia, na kilio cha Prossy si cha kelele, ni machozi yanayoteremka huku anapanga vijiko. Niliandika thelathini na nne. Nawaambia ukweli kwa sababu mimi si malaika. Niliandika kwa mwandiko mzuri kabisa, nikaitazama. Halafu nikakumbuka chumba mia tatu na nne kulikuwa na bibi na babu waliokuwa wananiuliza kila siku watembee saa ngapi, na walikuwa wanafuata kadi kama cheti cha daktari. Nikaipasua. Nikaandika thelathini na saba, nikainuka, nikaenda nayo moja kwa moja ofisini kwa Sir kabla miguu haijabadili shauri.

Sir akaisoma. "Umeniletea thelathini na saba mwenyewe," akasema kwa Kiingereza chake, "halafu kwa uso huo naona unataka kuniomba paa."

"Ndiyo, Sir. Hiyo thelathini na saba ni ya saa nane mchana. Mimi naomba paa la alfajiri."

Akageuza kadi kana kwamba nyuma imeandikwa jibu. "Yalla," akasema, "nyuzi thelathini. Kipimajoto cha pale mlangoni kikigusa thelathini, khalas, mnashuka wote, hata kama bibi harusi yuko katikati ya neno. Na nitakisoma mimi mwenyewe. Si wewe."

Nilitoka nikirukaruka, nikafika koridoni nikapiga hesabu, nikaacha kuruka. Wiki ile kipimajoto kilikuwa kinagusa thelathini saa moja na nusu asubuhi. Ssenga asingeweza kufika kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Hiyo ni saa moja tu. Nikampigia.

"Saa moja!" ssenga akapiga ukelele nikaondoa simu sikioni. "Wewe Mkenya, kwetu saa moja hata salamu hazijaisha! Nipe tatu!"

Kitu pekee ambacho kingelizuia jua kwa muda huo ni ukungu. Basi nikapanda juu. Saa kumi jioni taulo lilikuwa bichi kama nililotoa kwenye ndoo. Mbingu haina wingu. Wekesa akatuma: "Mzee, bendera ya geti imelala." Nikamwita Mzee Salum apande. Akalishika taulo, akalinusa, sijui kwa nini alikuwa analinusa, akatazama upande wa bahari.

"Ningekuwa wewe ningeandika," akasema.

Nikaandika kadi mia moja na chache kwa mkono. "Kesho ukungu mzito alfajiri mpaka saa tatu. Baadaye joto kali, nyuzi thelathini na saba, wazee wasitembee mchana. MSIVAE SWETA." Na chini, bila ruhusa ya mtu yeyote: "Mkisikia vigelegele ndani ya ukungu msiogope, ni harusi."

Alfajiri simu ililia. Wekesa alikuwa anapiga kelele: "Mzee, imeingia! Hata mkono wangu siuoni! Hata simu naishika kwa imani!"

Nilicheza kwenye korido ya ghorofa ya saba bila viatu, peke yangu, mtu mzima mwenye wajukuu. Ndipo nikakumbuka. "Wekesa," nikasema, "na wewe sasa utafikaje?"

Ukungu niliouomba ndio uliomfungia bwana harusi njiani, na shangazi naye. Teksi ya Wekesa na wenzake ilitambaa kutoka Muhaisnah, mmoja wao anachungulia dirishani akisema "kushoto kuna kitu, kulia sijui." Gari la ssenga lilipotea, likazunguka mzunguko mmoja wa barabara mara tatu. Sir alikuwa tayari juu, na tai yake, kikombe cha kahawa mkononi, kasimama mbele ya kipimajoto kama askari wa benki. Ishirini na tano. Mimi kitako hakikai. Walifika saa moja kasorobo, pande zote mbili pamoja, wakapanda lifti moja bila kujuana, wakagombana kidogo nani kamkanyaga nani.

Mlitaka kuona kwanjula? Sikuiona, na nilikuwepo! Paa lote lilikuwa jeupe. Upande wa binti walikaa kushoto, magauni yao ya gomesi ya rangi yakionekana kama vivuli. Upande wetu wote tulivaa kanzu nyeupe alizotuazima Mzee Salum, na kwa wanga aliozitia zilisimama zenyewe. Kanzu nyeupe ndani ya ukungu mweupe. Tulikuwa vichwa vinavyoelea. Mimi nilikuwa msemaji wa ukoo wa mume.

"Nani hao?" sauti ya ssenga ikatoka weupeni. "Wamekuja kutafuta nini nyumbani kwa watu?"

"Tumekuja kuuliza hali ya hewa," nikajibu, maana maneno yote niliyojifunza yalikuwa yamenikimbia.

Vicheko. Tukatozwa faini ya kreti ya soda kwa kuchelewa, nyingine kwa kutobisha hodi, nyingine kwa mimi kuwa Mkenya. Sir akauliza kwa sauti nini kinachekesha, na kwa sababu alisema bila kupewa ruhusa, ssenga akamtoza naye. Akabishana. Akatozwa ya pili. Akatoa simu, akaagiza soda kutoka jikoni, akaketishwa kwetu na kupewa cheo cha mjomba, na kuanzia hapo tai ikalegea.

Na wageni? Walikuja! Kadi iliwaita bila mimi kukusudia. Milango ya lifti ikawa inafunguka, wanaingia wakipapasa, wanakaa kiti chochote wanachogonga. Bibi na babu wa mia tatu na nne walijikuta upande wa binti, na akina mama wa Kiganda wakamfundisha yule bibi kupiga kigelegele. Akakishika. Shida ikawa kumwachisha.

Kisha ikafika saa ya ssenga kumtafuta bwana harusi kati ya wanaume na kumwongoza Prossy ambandike ua kifuani. Wakatujia, Prossy kwa nyuma ameinamisha uso kwa adabu. Ssenga alimjua Wekesa kwa picha ya simu tu. Akapita mbele ya kanzu moja, mbili, akashika bega moja kwa nguvu, akatangaza, "Huyu!" Ua likabandikwa, vigelegele vikapasua hewa, yule bibi wa mia tatu na nne akiwa wa kwanza. Upepo mdogo wa jangwani ukaanza kuvuma, ukungu ukapasuka katikati, tukaona. Ua lilikuwa kifuani kwa Mzee Salum, ndevu zake nyeupe, kofia yake ya kiua, macho ameyafumba kwa staha.

"Banange! Huyu ni babu!" ssenga akalia.

"Miye nilikuwa nishakubali," Mzee Salum akasema taratibu.

Watu walianguka chini. Wekesa alicheka mpaka Prossy akainua uso kinyume cha adabu zote, akamwona, akaenda mwenyewe, akalichomoa ua kwa mzee akamtia mwenye nalo. Ssenga akamtazama kijana juu mpaka chini mara mbili. "Nimempokea," akasema.

Lakini bado Masaka. Ssenga akapiga simu kwa baba. Haikuingia. Akapiga tena. Ukungu ulikuwa umekwisha, ilikuwa saa tatu, jua limejaa juu ya paa lote. Nikatupia jicho kipimajoto. Kasoro nywele moja kufika thelathini. Ssenga akapiga mara ya tatu, Prossy amepiga magoti kando yake, mikono ameikunja, na Wekesa ameshika kingo za kanzu yake ya kuazima. Hakuna aliyecheka tena. Sir akainuka kwenye kiti chake cha mjomba, akarekebisha tai, akaenda mlangoni kusoma.

Nilimfuata. Ule mstari mwekundu ulikuwa umekaa sawasawa juu ya alama ya thelathini. Niliuona, naye aliuona. Nikafungua mdomo kuwaambia watu washuke.

Sir akanyoosha mkono kwenye kizuizi, akalichukua taulo langu, bado linachuruzika maji ya ukungu, akaliweka juu ya kipimajoto. Akalipanga vizuri, akalifunga na fundo. Sikuwahi kumsimulia kisa cha ishirini na mbili. Kumbe hoteli nzima ilikuwa inakijua.

Tukasimama hapo wawili, upepo mkavu unavuma. Akanywa kahawa yake. Baada ya muda akainua pembe ya taulo.

"Soma, habibi."

"Ishirini na tatu, Sir."

"Andika."

Nyuma yangu simu ikashika. Nikasikia sauti ya mzee wa Masaka ikitoka mbali, ssenga akipiga kelele kana kwamba anataka asikike bila simu, halafu kigelegele cha Prossy mwenyewe, kilichovunjika katikati kwa kilio.

Siku hizi niko Kinangop, na taulo lipo juu ya ua wa nyumba, ingawa huku linaganda. Daftari zangu za hewa za miaka tisa ziko kwenye sanduku, na anayetaka kujifunza kazi hii aje azisome, namba zote humo nilizisoma kwa macho yangu na kuziandika kama nilivyoziona. Ipo moja tu ya uongo. Ni ya Ijumaa ile, saa tatu asubuhi, paani, nyuzi ishirini na tatu. Wekesa na Prossy walikuja mwaka juzi na watoto wao, wakaomba kuiona, nikawaonyesha. Sijaifuta, na nikifa msiifute.